Betri ya Sola Irudi kwa Aliyeiuza

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kliniki mtoto wa miaka minne kutoka mwalo mmoja wa wavuvi. Alikuwa amepauka, analalamika tumbo, na mama yake alisema mtoto ameanza kuwa mzito wa kusema. Alikwisha kutibiwa malaria, akapewa dawa za minyoo na za kuongeza damu mara mbili, bila nafuu ya kudumu. Kipimo cha selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, hakikuonyesha tatizo. Nilipouliza baba anafanya kazi gani, mama alijibu kwamba hununua betri chakavu za sola, huzipasua uani, kisha huyeyusha risasi iliyomo katika sufuria ili kutengeneza chubwi za nyavu. Mtoto alikuwa akicheza uani hapo kila siku.

Sikuwa na kipimo cha kuthibitisha nilichoshuku. Niliweza tu kuiomba familia iihamishe kazi ile mbali na nyumba. Tangu siku hiyo najiuliza: betri ile ilipouzwa ikiwa mpya, ni nani aliyewajibika kufikiri itakwenda wapi siku itakapokufa?

Nisieleweke kwamba napinga umeme wa jua. Waliofanya kazi katika wodi za watoto wanawakumbuka watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji, na walioungua kwa vibatari. Ziwani, karabai za kuvutia dagaa usiku wa giza zinaziachia nafasi taa za betri. Visiwani zipo zahanati ambazo chanjo zake huhifadhiwa kwa jokofu la sola. Hayo ni manufaa ya afya, nami nayatetea.

Lakini mfumo wa sola una sehemu mbili zenye umri tofauti. Paneli huweza kudumu miaka 25 au zaidi. Sehemu yake kubwa ni kioo na alumini, na risasi iliyomo katika viungio vyake ni kidogo. Betri ya asidi huchoka kwa kawaida baada ya miaka 2 hadi 5, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Kaya moja hubadilisha betri mara kadhaa kabla paneli haijazeeka. Umoja wa Ulaya uliingiza paneli katika sheria yake ya taka za vifaa vya umeme mwaka 2012, ukawabebesha wazalishaji mzigo wa kuzikusanya. Nasi tunahitaji wajibu wa namna hiyo, ila kwa mazingira yetu uanze na betri.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Hapa kwetu watoto wa namna hiyo ni wengi. Risasi hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Madhara yake katika ubongo mara nyingi hayarudi nyuma, hata damu ikisafishika.

Afrika imekwisha kulipia somo hili. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa ambao betri zilikuwa zikipasuliwa na udongo wake kuchekechwa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shauri likaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Owino Uhuru inatufundisha kwamba kukusanya betri na kuzipeleka kiwandani hakutoshi. Kiwanda chenyewe kikaguliwe, na damu ya wafanyakazi na majirani ipimwe.

Wapo wanaosema mfumo wa kurudisha hauwezekani Tanzania. Nawaomba watazame kreti ya soda. Hakuna duka Mwanza lisilojua kwamba chupa ina amana: ukirudisha tupu, hulipii chupa; usiporudisha, unalipa. Hivyo ndivyo chupa hurudi kiwandani hata kutoka Ukerewe. Betri nayo iuzwe kwa amana. Anayeleta iliyokufa apunguziwe bei ya mpya, na mwagizaji alazimike kuzipokea zote kutoka kwa mawakala wake.

Hoja ya pili ni kwamba watengenezaji wako ng'ambo. Ni kweli; kwa hiyo wajibu umwangukie anayeingiza bidhaa nchini, maana yeye anafahamika bandarini. Kampuni zinazokopesha sola kwa malipo ya simu zina jina na namba ya kila mteja, na huweza kumzimia mtu taa zikiwa mbali asipolipa. Mwenye uwezo wa kumfikia mteja kwa deni hawezi kudai kwamba hawezi kumfikia kwa betri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: gharama zitamwangukia maskini, na mnunuzi wa vyuma chakavu atapoteza riziki. Amana humrudia aliyeitoa, ingawa lazima iwe ndogo mwanzoni. Mnunuzi wa chakavu naye aingizwe katika mfumo, alipwe kwa betri nzima isiyopasuliwa na ambayo asidi yake haikumwagwa. Akilipwa zaidi kwa betri nzima kuliko kwa risasi iliyoyeyushwa, hatakuwa na sababu ya kuwasha moto uani.

Tanzania haianzi patupu. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zipo kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kwa mvuvi wa Ukara, hata hivyo, kanuni itakuwa na maana siku atakapojua ni duka gani, katika mwalo gani, litakalopokea betri yake na kumpa kitu mkononi.

Wakati tunasubiri siku hiyo, wahudumu wenzangu, mtoto mwenye upungufu wa damu usioelezeka, maumivu ya tumbo, degedege au kuchelewa kusema, ulizeni kuhusu betri nyumbani na kwa jirani, na mwandike jibu katika faili. Mjamzito anayekula udongo aulizwe unatoka wapi. Nanyi wazazi, betri isipasuliwe nyumbani, sufuria iliyoyeyushia risasi isipikiwe tena, na anayefanya kazi hiyo aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Maziwa hayaondoi risasi mwilini, ingawa wengi huamini hivyo. Hatua ya kwanza ya tiba ni kumtenga mtoto na chanzo.

Mama yule hakurudi kliniki. Sijui kama uani pale moto bado unawashwa.