Kiuno Hakimzuii Mume: Msiwauzie Maharusi Hofu



Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu biharusi mmoja, binti wa miaka 22, kushonesha mkanda wa kiunoni, ule wa visarafu unaolia ukicheza. Nikawa nampima, nikaona anatetemeka. Nikamuuliza, "Mwanangu, una nini?" Akasema, "Dada, ndoa wiki mbili na mie nane bado siiwezi." Nane ni ule mzunguko wa kiuno wanaofundishwa kwenye darasa la ngoma ya tumbo. Nilidhani anatania, kumbe analia kweli. Mwalimu wake kamwambia kuwa mke asiyejua kuzungusha kiuno hamalizi mwaka hajaletewa mwenzake.

Leo nasema, na wa kununa anune: huo ni uongo, na anayeuuza anakula pesa za hofu ya watoto wa wenzake.

Msinifahamu vibaya. Sisemi darasa lenyewe ni baya. Mimi nimekwenda. Miaka 15 nimeinamia cherehani, mgongo umekauka kama ubao. Shoga yangu akanivuta mpaka ghorofani, hapa hapa Ng'ambo. Mapazia yamefungwa, tupo wanawake peke yetu, simu zote zinabaki kwenye kapu mlangoni. Siku ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Unaambiwa kifua kitulie, kiuno kiende. Vyangu vikenda vyote pamoja kama gunia la mbatata. Magoti yalegee, pumzi usiibane, mzunguko utoke kwenye nyonga na si mabegani. Kesho yake mbavu zikauma, hata kucheka siwezi. Wiki ya nne nane ikanijia, polepole, na mgongo ukapata nafuu. Alhamdulillah.

Wako watakaosema huu ni uhuni wa kuletewa. Ngoma hii kwa Wamisri inaitwa raqs sharqi, na wanawake wao wameicheza majumbani na harusini tangu zamani. Kumbi kama ule aliofungua Badia Masabni mjini Cairo mwaka 1926 ndizo zilizoipandisha jukwaani na nguo za kumetameta. Ya jukwaani mbele ya wanaume siitetei. Lakini ya wanawake kwa wanawake? Bibi zetu walikuwa na msondo na shanga kiunoni. Bi Kidude, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka 2013, aliwacheza wari mpaka uzeeni. Kiuno si kigeni kisiwani kwetu.

Kigeni ni hiki cha kukifanya kiuno kinga ya ndoa. Somo yangu hakunifundisha kiuno peke yake. Alinifundisha josho la hedhi na la janaba, na namna ya kuweka siri ya nyumba. Aliniambia mahari ni yangu, si ya baba wala ya mjomba. Aliniambia na mimi nina haki yangu chumbani, si mtumishi. Akamaliza, "Akikunyanyulia mkono, mlango wangu unaujua." Darasa la leo limechukua kiuno, mengine yote limeyaacha. Tunawakataza watoto wetu wasiende kwa waganga, kisha tunawafunga hirizi ya visarafu!

Mimi nimewashonea maharusi wengi, na wengine wamerudi kwangu wakiwa wameshaachwa. Wamo humo wachezaji hodari. Na wamo wasioweza hata kupiga vigelegele vizuri, na waume zao wametulia nao. Mume anayetaka kuoa wa pili ataoa. Dini imemruhusu kwa sharti la uadilifu. Hajaambiwa akague kiuno kwanza. Lakini yule mke aliyeuziwa hofu, mume akiondoka, anabaki kujilaumu: hatua gani nilikosea? Dhulma ya mume inageuka kosa la mke. Hapo ndipo ninapokasirika.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 187, mke na mume wamefananishwa na vazi, kila mmoja vazi la mwenziwe. Mimi fundi nguo. Vazi la kushonwa upande mmoja halivaliki. Hebu niambieni, bwana harusi yeye anafundishwa nini, na nani? Nani amemwambia aoge, azungumze kwa upole, aweke simu chini mkewe anaposema?

Najua mtanijibu: "Wewe si ndiye unayeshona hiyo mikanda?" Ndiyo, nashona, na hofu ya maharusi imenilisha na mimi. Staghfirullah. Kuanzia sasa, anayekuja kushonesha kwa furaha yake, karibu. Anayekuja analia, tunakaa kwanza tunazungumza.

Yule binti nilimkalisha. Nikamuuliza darasa ni kiasi gani. Akanitajia bila ya kufikiri, kipindi kwa kipindi. Nikamuuliza mahari yake ni kiasi gani. Akanyamaza. Hajui. Hajaulizwa, hajaambiwa.

Kina mama, mlipieni mtoto darasa akitaka, acheze, anyooshe mgongo, acheke na wenzake. Lakini kabla ya nane, mwambieni mahari yake ni ngapi na iko mikononi mwa nani. Na nyinyi walimu, fundisheni ngoma kwa jina la ngoma. Ndoa msiitie bei.

Allah awape maharusi wetu waume wema na nyumba zenye utulivu. Amin.