Mvungu si wa Magunia

Mwaka uliopita wa masomo, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu alituletea kurasa mbili za Kifaransa tuzigeuze kuwa Kiswahili. Zilikuwa ushauri kwa msafiri anayepanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza: alete masanduku mangapi, ayaweke wapi chumbani, nguo azitundike wapi, na vitu gani aviache nyumbani. Darasa zima lilicheka. Sisi ambao meli yetu kubwa ni bato ya Bukavu kwenda Goma, leo tufasiri namna mtalii wa Karibea anavyopanga viatu vyake! Mwenzangu mmoja aliandika juu ya karatasi yake: "Zoezi la matajiri."

Na mimi nilicheka. Leo naandika kusema kwamba tulikosea, na kwamba zoezi lile lilipaswa kutoka darasani na kushuka hadi bandarini.

Kwanza niwakumbushe wenzangu maandishi yenyewe yalisema nini. Chumba cha bei nafuu katika meli hizo, kile kisicho na dirisha, kina mita mraba kama 14 hadi 17, na ndani yake hulala watu wawili, pengine wanne. Kwa hiyo kila pembe imepewa kazi yake. Kuna kabati la nguo, rafu chache, na meza ndogo yenye kioo. Kuta nyingi ni za chuma, ndiyo maana wasafiri wazoefu huja na kulabu za sumaku za kutundikia kofia na mikoba. Pasi na birika la umeme haviruhusiwi, kwa sababu moto ndani ya meli hauna pa kukimbiwa. Msafiri hukabidhi masanduku yake bandarini, wafanyakazi humletea hadi mlangoni. Akishatoa nguo, sanduku tupu huingia chini ya kitanda. Usiku wa mwisho hulitoa nje ya mlango likiwa na kibandiko, na kesho yake hulikuta nchi kavu.

Tulitoka jasho. "Tiroir" ni saraka au mtoto wa meza? Lile neno "rangement" ndilo lililotushinda kabisa: wengine waliandika "upangaji", wengine "uhifadhi", mmoja akaandika "rangema" na kusema ndivyo wanavyosema kwao. Tulipofika kwenye nafasi iliyo chini ya kitanda, tuliandika sote "nafasi iliyo chini ya kitanda", maneno matano kwa mahali pamoja. Ndipo mwanafunzi wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akauliza: "Na mvungu je?" Tukanyamaza. Mvungu! Kila mmoja wetu alishafundishwa tangu shule ya msingi kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna aliyekumbuka kwamba mvungu ni mahali, kwamba mpo kila nyumba, na kwamba Kiswahili kina neno moja kwa kitu ambacho Kifaransa hukieleza kwa kuzunguka. Tulikuwa tumeifanya methali kuwa ya mtihani tu.

Mwalimu alifurahi, tukapata alama zetu, tukasahau.

Likizo iliyofuata nilimsindikiza mama mkubwa Goma. Yeye ni mfanyabiashara. Safari ile alikuwa na magunia matatu ya unga wa muhogo na madumu mawili ya mawese. Tulichukua bato ya usiku. Kwa kuwa miguu ilikuwa ikimsumbua, alilipia vitanda viwili katika kabini ya vitanda vinne, akaniambia mara hii tutasafiri kama wazungu. Tulipofungua mlango hatukuona sakafu. Wenzetu wawili wa kabini walikuwa wametangulia na mizigo yao: magunia, beseni zilizofungwa kwa kitenge, kuku wawili ndani ya kikapu. Kwenye mvungu wa kila kitanda mlikuwa na gunia limesukumwa mpaka ukutani. Na sisi tukaongeza yetu, nikapanda kitandani kwa kukanyaga maharagwe ya watu.

Ukutani palikuwa na karatasi ya Kifaransa ndani ya plastiki. Niliisoma kwa mazoea ya kisomi. Ilisema kwamba vyombo vya kuokolea viko chini ya vitanda na ni marufuku kuziba nafasi hiyo. Nikainama. Nilichokiona ni kamba ya rangi ya machungwa imechungulia chini ya gunia la kilo mia moja.

Nilimwita mateloti. Nikamuuliza: "Jile ziko wapi?" Akajibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto: "Ziko apo chini." Nikamwambia magunia yamezilalia. Akacheka: "Ziwa iko nzuri leo." Ni kweli, ziwa lilikuwa zuri. Tulifika Goma asubuhi tukiwa wazima, mama mkubwa akauza unga wake, na mimi usiku ule sikulala hata dakika moja. Nilikuwa nikihesabu: watu wanne, jile nne, magunia saba juu yake, na chini yetu maji yenye kina cha zaidi ya mita 400.

Basi nikakumbuka lile zoezi la matajiri. Nilifikiri tofauti kati ya kabini ile ya Karibea na hii yetu ilikuwa pesa. Sasa naona ni jambo jingine pia, yaani mpangilio: nani anapewa nafasi kwanza. Katika meli zile, mahali pa jaketi la kuokolea huamuliwa kabla ya mahali pa sanduku. Katika meli nyingi limo ndani ya kabati la kabini. Katika nyingi za siku hizi limewekwa kwenye kituo cha kukusanyikia. Msafiri hupewa nafasi inayobaki, naye ajipange humo kwa kulabu zake za sumaku. Kwetu mzigo huingia kwanza, mtu hujibana palipobaki, na jile hukaa chini ya vyote.

Nisiwasifu kupita kiasi. Hata wao hawakuzaliwa na utaratibu huo. Waliufikia kwa kuzika watu. Uingereza iliweka sheria ya alama ya shehena ubavuni mwa meli mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka mingi kwamba wenye meli wanazijaza mno na mabaharia wanakufa. Tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio nchini Italia na watu 32 wakafa, mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Kanuni ya wakati huo iliruhusu kungoja hadi saa 24. Tangu 1 Januari 2015 zoezi hilo lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Sisi nasi tumezika watu. Wote tunakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Barabara ya kutoka Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, watu na bidhaa vikahamia ziwani. MV Merdi, iliyokuwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliosimama ufukweni kuwapokea ndugu zao. Tulilia, tukaimba, tukasikia ahadi. Nauliza kwa heshima: kitivo chetu, ambacho kazi yake ni maneno, kilichangia nini baada ya hapo?

Kuna atakayenijibu kwamba bato haizami kwa kukosa tafsiri. Huzama kwa sababu mwenye bato anataka faida, kwa sababu anayepaswa kukagua hakagui, kwa sababu vita vimefunga barabara. Nakubali yote hayo. Lakini turudi kwenye ile karatasi ya ukutani. Asubuhi, kabla ya kushuka, niliwauliza wenzetu wawili wa kabini kama wanajua inasema nini. Mmoja alidhani ni bei ya vitanda. Wa pili alisema ni "mambo ya Serikali". Wote wawili wamepanda bato hiyo kwa miaka. Wanajua kusoma Kiswahili, maana mmoja alikuwa na Biblia ya Kiswahili mkononi. Amri inayomhusu mtu huyo, juu ya gunia lake na uhai wake, imeandikwa kwa lugha ambayo haimfikii. Mwenye bato ametimiza sheria: karatasi ipo. Siku ya msiba atasema abiria walionywa.

Abiria aliyesoma na kuelewa hawezi kumlazimisha mwenye bato. Lakini anaweza kumwambia jirani yake, "Dada, ona, hapa si pa gunia." Anaweza kumwonyesha mateloti ile karatasi kwa kidole. Hilo ni dogo, na ndilo lililo ndani ya uwezo wetu sisi watu wa lugha.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Kazi moja ya vitendo ya mwaka wa tatu iwe kuandika tangazo la mizigo kwa mabato ya ziwa letu, kwa Kiswahili kifupi, kisha tulipeleke bandarini na kuwasomea abiria wenyewe kabla ya kumpelekea mhadhiri. Anayenunua tiketi awe msahihishaji wa kwanza.

Najua ubishi utaanzia wapi: kwenye neno jile. Vitabuni tumefundishwa jaketi okozi, na ni neno zuri, limeundwa vizuri, mhadhiri wangu wa isimu hulipenda. Lakini kwenye bato yetu ukipiga kelele "Vaeni majaketi okozi!" nusu ya watu watatazama kama kuna baridi. Jile wanaijua. Lugha sanifu nitaitetea katika tasnifu, katika gazeti hili, popote palipo na muda wa kufungua kamusi. Ndani ya kabini inayoingia maji hakuna muda huo. Neno linalofaa hapo ni lile ambalo mkono wa mtu hulifuata bila yeye kufikiri. Na kwa upande mwingine, si kila neno la vitabuni litaachwa: mvungu ni Kiswahili safi, ni kifupi, na hata mtoto akielezwa mara moja hatalisahau. Tuchague neno kwa neno, kwa kuwasikiliza watu, badala ya kuchagua kambi.

Mimi nilianza. Niliandika mistari mitatu: "Mvungu wa kitanda ni wa jile. Usiweke gunia mvunguni. Kabla bato haijaondoka, inama, toa jile yako, ijaribu." Nilijivuna kidogo, hasa kwa lile "inama", kwa kuwa nilisikia ndani yake methali yetu ya shule ya msingi ikifanya kazi ya kweli. Nikaenda kumsomea mama mkubwa jikoni kwake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia: "Ni vizuri, mwanangu. Sasa andika na gunia yangu nitaiweka wapi."

Nilitaka kumjibu kwamba ataiweka chini, kwenye tumbo la bato, na shehena nyingine. Akanieleza, huku akichambua mchicha, kwamba ukiweka gunia huko hupewi karatasi yoyote. Ukifika unakuta limetobolewa, au limepungua, au halipo, na hakuna wa kumuuliza. Gunia moja ni karo ya mtoto. Ndiyo maana kila mama hulala na mzigo wake kitandani au mvunguni: hakatai usalama, ila anaogopa hasara aliyokwisha kuiona kuliko kuzama ambako hajakuona. Mtalii wa Karibea hukubali kuacha sanduku lake nje ya mlango usiku kwa sababu lina kibandiko chenye jina lake na anajua atalikuta. Mpe mama mkubwa kibandiko kama hicho, na mtu wa kumjibu likipotea, naye atauacha mvungu wazi.

Hapo niliona tangazo langu lilivyokuwa pungufu. Lilimkataza mtu bila kumpa pa kwenda, kama ile karatasi ya Kifaransa, tofauti ikiwa lugha tu. Nimeongeza mstari wa nne: "Gunia lipelekwe chini, lipewe namba, nawe upewe karatasi yenye namba hiyohiyo." Mstari huo hauelekei kwa abiria tena, unaelekea kwa mwenye bato na kwa wakubwa wa bandari, na najua wao hawatauona kwa kubandikwa ukutani. Itabidi twende kuwasomea, tukiwa wengi, pamoja na wahadhiri wetu, na barua yenye mhuri wa kitivo.

Mama mkubwa anasafiri tena mwisho wa mwezi. Rasimu iko kwangu, mistari minne. Anayetaka kuisahihisha anikute maktabani Jumatano baada ya saa nane.