Safu ya Mwalimu: Ufunguo wa Chati na Amana ya Hesabu



Ndugu wasomaji, jumuiya zetu hapa Minneapolis na Saint Paul zimezoea sasa kuwaonyesha waumini hesabu za mwaka kwa chati badala ya orodha ndefu ya tarakimu. Ni jambo jema. Lakini chati huambatana na ufunguo, yaani kile kisanduku kinachoeleza kila rangi ni ya nini, kama tulivyouzoea katika ramani za jiografia. Na mpangilio wa majina ndani yake si pambo.

Karatasi zetu hutolewa kwa fotokopi. Buluu, nyekundu na kijani zikipita humo hutoka kijivu, na msomaji hubaki na mpangilio peke yake: jina la juu kwenye ufunguo atalichukulia kuwa la sehemu ya juu kwenye chati. Tuseme nguzo ina sehemu tatu: mfuko wa zaka chini, wa sadaka katikati, wa madrasa juu. Ufunguo ukianza na zaka, mzee wetu ataudhani mfuko wa madrasa kuwa ndio wa zaka. Na wa madrasa ukipungua kwa kulipia kodi ya ukumbi, ataona zaka ndiyo iliyolipa. Zaka nayo ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Surat Tawba, aya ya 60, na kodi ya ukumbi haikutajwa humo. Hapo mtunza hazina mwaminifu ameshatiwa shakani, na minong'ono ya baada ya Ijumaa haina fotokopi ya kuisahihisha.

Katika Excel, majina hayasogezwi ndani ya ufunguo wenyewe. Ufunguo hufuata mpangilio wa safu za takwimu. Bonyeza chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Select Data", kisha tumia vishale viwili kupandisha au kushusha jina. Nguzo nazo zitabadilika pamoja nalo. Kwa nguzo zilizobebana, safu ya kwanza hukaa chini. Ufunguo ukiwekwa kulia, programu huyapanga majina kwa kufuata nguzo, la juu juu. Ukiwekwa chini ya chati, majina hulala kuanzia kushoto, na ulinganifu huo hupotea; tena wapo miongoni mwetu waliofunzwa kusoma kwa juzuu, ambao jicho lao huanzia kulia. Kwa hiyo mimi napendelea uwekwe kulia.

Chati ya duara ni nyepesi: panga upya mistari ya jedwali, ufunguo utafuata.

Penye ugumu ni chati iliyochanganya nguzo na mistari. Hapo programu hutaja nguzo kwanza, mistari baadaye, hata ukibonyeza vishale mpaka alfajiri. Dawa yake ni kuufuta ufunguo na kuandika kila jina kando ya umbo lake. Si uzushi mpya: William Playfair, aliyechapisha chati zake London mwaka 1786, aliandika majina juu ya mistari yenyewe.

Watunza hazina, kabla ya kuigawa taarifa, toeni fotokopi moja, mpeni mtu asiyezijua hesabu zenu, kisha mwulizeni zaka iko wapi.

Wabillahi tawfiq.