Staa kamwaga soda ya zero, mama wa Mtwara karudi kwenye soda ya sukari

Kuna dada mmoja maarufu hapa Bongo, jina kapuni. Ana wafuasi kibao, na akikohoa tu inatrendi. Juzi kati kaposti klipu fupi: kasimama jikoni kwake, kucha ndefu nyekundu, kashika kopo la soda ya zero. Kalifungua, kaimwaga yote kwenye sinki taratibu, halafu kaitazama kamera. "Wapendwa wangu, hii ni saratani ndani ya kopo. Shirika la Afya Duniani limeshasema. Stukeni." Mwisho wa klipu katoa chupa ya juisi ya aloe vera, ya kupunguza tumbo. Mzigo upo, njoo inboksi.

Watu wakashea. Mastaa wenzake wakaweka emoji za kulia. Klipu ikasafiri mpaka Mtwara, ikaingia kwenye grupu la WhatsApp la kina mama wa Magomeni (Magomeni ya Mtwara, si ya Dar), na huko ndiko ilikofanya kazi yake.

Kwenye grupu hilo yumo mama mmoja anayeumwa sukari. Binti yake, msichana wa mjini anayeuza vipodozi, alihangaika naye miezi na miezi. Mama alikuwa mtu wa soda mbili kwa siku, moja mchana na moja akirudi kwenye vikao. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani kama vijiko 9 vya chai. Mbili zinakuwa vijiko 18, na hapo chai ya asubuhi haijahesabiwa. WHO inashauri mtu mzima akiweza abaki chini ya gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Binti alibembeleza, akanuna, akalia kidogo, mwisho mama akakubali kuhamia kwenye zero, kopo moja kila baada ya siku mbili. Vipimo vikaanza kushuka.

Halafu ikaja klipu.

"Mwanangu, kisukari nimeshakizoea, tunaishi wote humu ndani," mama kamwambia bintiye. "Hiyo saratani siitaki nyumbani kwangu." Kesho yake asubuhi kwenye friji kulikuwa na soda ya machungwa, ile yenye sukari yake kamili.

Binti hakubishana, maana mama wa Kimakonde akishaamua, ameamua. Kaingia mtaani kutafuta kinywaji kisicho na sukari na kisicho na hiyo aspatamu. Kwenye lebo huandikwa aspartame, au namba E951. Kaanza duka la Mangi, kaenda supamaketi, kamalizia kwenye friji la kituo cha mafuta. Kila kopo la zero aligeuza, akasoma yale maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo. Kola ya zero: ipo. Ya ndimu ya zero: ipo. Wala haikuwa bahati mbaya yake. Coca-Cola Zero kwa mfano, katika nchi nyingi hutiwa aspatamu pamoja na asesulfamu K, ambayo ni E950. Hata baadhi ya juisi za unga na bigijii zisizo na sukari zimo humo humo, na watu hawana habari.

Kapata kimoja tu kilichotiwa sukralosi, E955. Kilikuwa enaji. Mama ana presha pia, hivyo kumpa enaji ni kumtafutia kesi nyingine. Vinywaji vya stivia, utamu unaotoka kwenye jani, E960, hakuviona kabisa. Mtwara iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar kwa barabara moja ya pwani, na mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata njia kule Somanga, watu walikaa siku wakisubiri hata vitu vya lazima. Mwenye duka anayeagiza mzigo anaanza na kinachouzika. Kopo la stivia la mtu mmoja wa Magomeni halipandi lori.

Sasa turudi kwa staa, maana kauli yake ina kipande cha ukweli, na kipande ndicho kibaya. Ni kweli Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, IARC, iliiweka aspatamu kwenye kundi la 2B, yaani "huenda" ikasababisha saratani, kwa ushahidi ambao wenyewe waliuita mdogo. Siku hiyo hiyo kamati ya wataalamu ya WHO na FAO ikasema kiwango cha kila siku hakibadiliki: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Wakapiga na hesabu. Kopo likiwa na miligramu 200 hadi 300, mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku ili avuke kiwango. Mama wa Magomeni alikuwa anakunywa kopo moja kwa siku mbili. Hiyo hesabu haikuingia kwenye klipu. Kucha ndiyo ilionekana vizuri zaidi.

Na kwenye hilo kundi la 2B kuna nani mwingine? Dondoo la jani zima la aloe vera. Ndiyo, aloe vera, ambayo dada yetu anaiuza inboksi. Haina maana kwamba kila juisi ya aloe ni sumu, kama ambavyo haina maana hiyo kwa zero. Ila mtu akiamua kutisha watu kwa orodha, aisome orodha yote. Akipanda mpaka kundi la 1, lile ambalo ushahidi wake umetosha, atakutana na pombe. Na picha zake za wikendi, za meza imejaa chupa, ziko wazi kwa kila mtu.

Wapo wenye sababu za kweli za kuikwepa aspatamu. Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao, adimu, ambao mwili unashindwa kuichakata fenilalanini, na aspatamu inayo, ndiyo maana makopo mengi yanabeba onyo hilo. Kuna wengine ladha inawakaa mdomoni vibaya, basi, hawaitaki. Hiyo ni haki yao. Na anayekunywa zero ili apungue, ajue kwamba Mei 2023 WHO ilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ila ushauri ule ule ulisema wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Yaani mtu ambaye klipu ilimtoa kwenye zero ndiye hasa ushauri ulimweka pembeni.

Hapo ndipo staa anapokosea pakubwa. Hajui ni nani yuko upande wa pili wa simu. Kwa mtoto wa mjini wa miaka 22, kuacha zero ni kubadilisha kinywaji tu. Mama anayechoma sindano hakuacha soda. Aliacha zero, akarudi kwenye vijiko 18.

Halafu cha ajabu, Mtwara si mji wa kukosa cha kunywa. Jioni pale Mikindani muuza kahawa anapita na birika lake, kahawa chungu, kikombe kidogo, haina hata chembe ya sukari mpaka ujitie kashata mwenyewe. Mchaichai unaota uani kwa watu bure. Maji na kipande cha ndimu hayajawahi kuwa ghali. Shida inaanza kwenye kinachoitwa "juisi ya asili". Ukwaju, ubuyu na rozela vyenyewe ni vikali, kwa hiyo muuzaji anavitia sukari mpaka kijiko kinasimama, halafu mteja anajisifu hanywi soda. Dafu la Msimbati ni tamu na lina sukari yake ya asili, kidogo kuliko soda, lakini mgonjwa akinywa manne kisa yametoka mtini anajidanganya. Mabibo msimu wa korosho ndiyo usiseme.

Kwa nini basi binti alizunguka madukani wakati mchaichai uko uani? Kwa sababu mama hakuwa anatafuta maji. Alitaka kitu cha kushika mkononi kwenye shughuli. Huku kwetu mgeni wa heshima anapewa soda, na ya baridi. Ukipewa maji matupu harusini unajiuliza umewakosea nini wenye shughuli. Ukikataa soda, mmoja atasema unaringa, mwingine atakuangalia tumbo. Kamati ya harusi inakaa vikao sita, inagombania rangi ya vitambaa na MC, na vinywaji vinaandikwa mstari mmoja: soda kreti kadhaa, maji katoni kadhaa. Hakuna anayeuliza ni wangapi kati ya waalikwa wanaumwa sukari, na kila ukoo sasa hivi unao.

Kuweka birika moja la mchaichai wa baridi na tangawizi kwenye kila meza, bila sukari, kwenye jagi zuri lenye ndimu, kunagharimu kidogo kuliko pambo la katikati ya meza. Dada maarufu angeposti hilo, tena kwenye pati yake mwenyewe, angeigwa kesho yake kuanzia Dar mpaka Kilambo mtoni Ruvuma. Kucha zingeonekana vile vile.

Binti wa Magomeni yeye hakusubiri mtu. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akachemsha mchaichai na tangawizi, akaupoza kwenye friji, akaujaza kwenye chupa ya soda ya teki awei iliyotoka kwenye kunywewa. Mama kauonja, kanuna, kauonja tena.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na shughuli Shangani. Mama kaenda na chupa yake ndani ya mkoba. Mhudumu kamletea soda mbili za machungwa, kama anavyostahili mtu wa umri wake. Kazipokea kwa mikono miwili, kashukuru, kazitia kwenye mkoba za kumpelekea jirani. Yule aliyetuma klipu kwenye grupu.