Kifaa cha Mtoto Kisidumu

Tukiambiwa kuna kifaa kitakachowekwa mwilini mwa mtoto, wengi wetu huuliza kwanza kitadumu miaka mingapi. Tunaamini kinachodumu ndicho bora. Kwa mzee aliyebadilishiwa nyonga, sawa. Kwa mtoto mchanga, imani hiyo ni ya hatari.

Wapo watoto wanaozaliwa na njia ya hewa iliyo laini mno, kuta zake zikibonyea kila wanapotoa pumzi. Zamani wengine waliwekewa ndani mirija ya chuma. Lakini chuma hakikui, nyama huota juu yake, na kukitoa ni kazi ngumu. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya madaktari juu ya madhara ya mirija hiyo kwa wagonjwa wasio na saratani.

Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Michigan, daktari Glenn Green na mhandisi Scott Hollister walishika njia nyingine. Wakitumia picha za CT za mtoto wa miezi mitatu, walichapa kwa printa ya 3D banzi dogo la polikaprolaktoni, plastiki ambayo mwili huiyeyusha taratibu kwa takriban miaka mitatu. Banzi lilivishwa nje ya njia ya hewa, na ukuta wa njia ukashonewa kwake ili ubaki wazi. Upande mmoja liliachwa na mpasuko, na huo ndio uliobeba akili yote: njia inavyopanuka, banzi hutanuka nayo. Mwaka 2015 walitoa taarifa za watoto watatu waliotibiwa hivyo.

Je, banzi likiyeyuka mapema? Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana muda ulichaguliwa kwa kufuata mwili: kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu, gegedu la njia ya hewa hukakamaa wanapofikia miaka miwili au mitatu.

Nawapinga pia wanaoshangilia uchapaji wa 4D, yaani uchapaji wa vitu, kama banzi hili, vinavyobadili umbo kadiri muda unavyopita, kana kwamba kesho utatupa mapafu mapya. Banzi lile halikuotesha gegedu hata chembe. Lilishikilia njia wazi, mtoto akapumua, na mwili wake ukajijenga wenyewe. Tena watoto watatu wa taarifa ile ya 2015 walikuwa wachache mno. Wanaowekewa mabanzi haya wafuatiliwe hata baada ya plastiki kwisha, mpaka wabalehe, kwa sababu kifua huendelea kukua miaka mingi baada ya banzi kutoweka.