Soya Isibaki na Jina Moja

Mnunuzi wa maembe hapa Majengo, Mombasa, haombi embe tu. Hutaja boribo, ngowe au dodo, na akipewa siyo hurudisha. Lakini soya ni soya basi. Unga wake twautia katika chai, na kuku anayekaangwa jioni kando ya barabara huenda alinenepa kwa mashudu yake. Hata hivyo ni wachache wajuao kwamba nayo ina koo.

Mimi ni mtu wa lugha, si wa kilimo. Ila kazi yangu imenifunza kwamba watu wasiokuwa na majina ya kutofautishia kitu hawatambui kinapopungua.

Na soya imepungua. Kwao Uchina ina aina maelfu. Lakini watafiti waliochunguza nasaba ya soya za Amerika Kaskazini walionyesha mwaka 1994 kwamba mababu 35 tu ndio waliochangia kama asilimia 95 ya jeni zake. Zao lenye ukoo mwembamba hivyo, ugonjwa mpya ukiligusa, huweza kuliangusha lote.

Jirani zetu wa Uganda wayajua hayo. Ugonjwa wa kutu ya soya ulipoonekana huko mwaka 1996, uliziathiri vibaya mbegu zilizokuwa shambani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Phinehas Tukamuhabwa, wakatafuta damu ngeni. Maksoy 1N, iliyotolewa mwaka 2004, asili yake ni Ibadan, Nigeria. Kisha wakaizalisha na nyingine, wakapata Maksoy 2N. Kazi hiyo si nyepesi. Ua la soya hujichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka, basi anayetaka kuwaozesha wazazi wawili sharti alifungue kwa mkono, ua baada ya ua, halafu apande na kuchagua kizazi baada ya kizazi.

Kenya ina hazina ya mbegu huko Muguga tangu mwaka 1988, na watafiti tunao. Ninachokihofia ni haraka ya wenye fedha, watakao matokeo ya miaka 2 katika kazi ihitajiyo karibu 10. Serikali na ibebe gharama hiyo.

Nanyi walimu wenzangu, mnamkaririsha mwanafunzi kwamba soya ina protini. Mpeni mbegu za aina mbili, azipande katika mikebe, aone moja ikitoa ua jeupe na nyingine la zambarau. Kisha mwulizeni ataziitaje.