Kipaji cha Mtoto wa Kisiwani

Sidney Poitier, mchezaji na mwongozaji wa sinema aliyefariki dunia Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94, alisifiwa na ulimwengu mzima. Sisi watu wa visiwani tunayo sababu ya kuyatazama maisha yake ya mwanzo kuliko sifa zake.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa Cat Island, katika visiwa vya Bahama. Walimzaa mwaka 1927 mjini Miami, Marekani, walikokwenda kuuza mazao yao. Alikulia kisiwani pasipo umeme, na shule aliisoma kwa muda mfupi tu. Alipofika New York akiwa kijana, aliosha vyombo mikahawani. Kikundi cha American Negro Theatre kilimkataa, kwani alisoma kwa kubabaika na matamshi yake yalikuwa ya kwao. Ndipo mzee mmoja wa Kiyahudi, mhudumu wa mkahawa, alipomfundisha kusoma kwa gazeti usiku baada ya kazi. Matamshi alijirekebishia kwa kusikiliza redio.

Mwaka 1950 alitokea katika filamu ya No Way Out, akiigiza daktari. Serikali ya kikoloni ya Bahama iliipiga marufuku, na wananchi wakaunda kamati kupinga uamuzi huo. Mwaka 1964 alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar ya mchezaji bora. Mwaka 1972 ikatoka filamu ya kwanza aliyoiongoza, Buck and the Preacher.

Basi serikali ile ilimkosea mara mbili: ilimwacha bila ya elimu ya kutosha, kisha ikawazuia ndugu zake kumwona. Lililopasa kufanywa na shule lilifanywa na mzee mmoja, ugenini, kwa hisani yake. Ni vijana wangapi waliohama visiwani wasikutane na mzee kama yule?

Tunawasihi wakuu wanaohusika na elimu wahakikishe kwamba visiwa vidogo vinapata walimu na vitabu kama miji, na kwamba madarasa ya jioni hayafi. Wakaguzi wa filamu nao, kabla ya kupiga muhuri, wajiulize: wanawalinda wananchi, au wanailinda hofu yao wenyewe?

Bahama iliyo huru ilimfanya Poitier balozi wake nchini Japani mwaka 1997. Ilifanya vyema. Lakini heshima ya uzeeni hailipi deni la utotoni.